TAKE: maana na matumizi ya kitenzi cha Kiingereza

Maumbo: take, took (wakati uliopita), taken (hali timilifu).

Asili. Kitenzi hiki kilitoka katika lugha ya Kinorse cha Kale, ambako kilikuwa taka, kikakisukuma kando kitenzi cha Kiingereza cha Kale, niman. Mabaki ya niman yamo katika neno numb, yaani aliyekufa ganzi. Kwa asili, "aliyeshikwa".

Mwanafunzi hufundishwa mapema kwamba take ni chukua. Jibu hilo ni sahihi kwa baadhi tu ya maana zake nyingi.

1. Kutia mkononi. "Take this book": Chukua kitabu hiki. Namna ya kutwaa ikibadilika, Kiswahili hubadili kitenzi: kwa siri ni iba; kwa nguvu, nyang'anya; mji vitani, teka.

2. Kufikisha mahali. "Take the child to hospital": Mpeleke mtoto hospitalini. Anayesema mchukue mtoto hajaeleza bado anakokwenda.

3. Kusafiri. "Take a bus": panda basi. "Take the left road": shika njia ya kushoto.

4. Kuhitaji muda. "It took three days": Ilichukua siku tatu. Hapa chukua imezoeleka, kama ilivyo katika chukua hatua.

5. Kutenda jambo linalotajwa na nomino. Take hapa ni kama mpini. Makali yamo katika nomino. "Take a photo" ni piga picha. "Take a bath", oga. "Take a rest", pumzika. "Take a seat", keti. "Take an exam", fanya mtihani. "Take part", shiriki. "Take an oath", kula kiapo.

6. Kustahimili na kudhani. "I cannot take it any more": Siwezi kuvumilia tena. "I took him for a teacher": Nilimdhania kuwa mwalimu.

Pamoja na vielezi na vihusishi. Take off ni vua, kwa nguo, na ruka, kwa ndege. Take after ni kufanana na mzazi. Take over ni kushika uongozi au kazi ya mwingine. Take back ni rudisha. Kwa maneno yaliyokwisha kusemwa, ni kufuta kauli.

Tahadhari: take na dawa

Kosa katika maana hii laweza kumdhuru mtu. Kwa Kiswahili, kuchukua dawa ni kuipokea dirishani au kuitoa ilipowekwa. Muuguzi akiuliza "Mgonjwa amechukua dawa?" akikusudia take, ndugu wa mgonjwa aweza kujibu "Ndiyo" kwa unyofu kabisa, ilhali vidonge bado vimo ndani ya bahasha. Aulize: "Amekunywa dawa?" au "Amemeza vidonge?"

Ugumu hauishii hapo. Take huficha namna ya kutumia dawa, na Kiswahili huidai. Kidonge cha kawaida humezwa; dawa ya maji hunywewa; kidonge cha kutafuna hutafunwa; cha kuyeyukia mdomoni humumunywa; dawa ya pumu ya kupuliza huvutwa kwa pumzi. Kwa hiyo "Take one tablet three times a day" ni Meza kidonge kimoja mara tatu kwa siku, iwapo kidonge hicho ni cha kumeza. Mfasiri asiyejua ni cha namna gani hana budi kuuliza kabla ya kuandika. Kitenzi tumia chafaa panapotakiwa neno la jumla, mradi maelezo ya namna yafuate.

"Take with food" nayo isifasiriwe neno kwa neno. Iandikwe: Tumia dawa hii wakati wa kula au mara tu baada ya kula.

Kanuni ya kukumbuka. Ukikutana na take, tazama kwanza kinachofuata: ni kitu, mtu, safari, muda, tendo au dawa? Kisha jiulize Mswahili angesemaje angelikuwa hajawahi kuisikia sentensi ya Kiingereza. Chukua ibaki pale ambapo kweli mkono unatwaa, au pale ambapo mazoea ya lugha yameikubali.

Tazama pia: chukua, twaa, peleka, piga, meza.