Kampuni ya kubeti ikiwa na leseni, mtoto wako yuko salama?

Mama na mlezi, kasino na kubeti kwa simu ni biashara halali nchini. Leseni hutolewa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, chini ya sheria ya mwaka 2003.

Leseni inasaidia nini?
Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Mchezaji aliyenyimwa ushindi wake anaweza kulalamika Bodi. Kwenye kasino ya mtandaoni isiyo na leseni, pesa ikipotea hakuna wa kumdai.

Haizuii nini?
Haizuii hasara wala uraibu. Pia mtoto anayejua namba yako ya siri anaweza kucheza kwa laini yako, na kampuni ikadhani ni wewe.

Dalili za uraibu
- Pesa ya alizeti au ya shule kupungua bila maelezo
- Madeni na uongo
- Kukosa usingizi, hasira za haraka

Fanya hivi
- Badili namba ya siri, usimpe mtoto.
- Zungumza naye bila kumpiga wala kumtukana.
- Hali ikiendelea, nendeni zahanati. Mtapewa ushauri au rufaa.

Shirika la Afya Duniani linautambua uraibu wa kamari kuwa ugonjwa. Usione aibu kuomba msaada.