Mtoto wa Jicho
Lenzi iliyo nyuma ya mboni ikiingia ukungu, watu wa pwani husema ni mtoto wa jicho. Zamani waganga waliisukuma kando kwa sindano. Mwaka 1747 Jacques Daviel, Mfaransa, aliitoa kwa kisu; mwaka 1949, mjini London, Harold Ridley akatia lenzi ya plastiki; na mwaka 2008, huko Budapest, Zoltán Nagy alitumia miali ya leza. Lakini wako wanaorithi ila hiyo na kuzaliwa nayo. Mzee wa Mikindani aweza kungoja mwaka mzima, kisha akapasuliwa na kuona tena. Mtoto mchanga hawezi, kwani ubongo ukikosa nuru mapema haujifunzi kuona. Basi mzazi aonaye weupe katika mboni asikawie: hata leza hairudishi miezi iliyopotea.