Safu ya Lugha: Rahisi, Hafifu, Nafuu

Wapo wauzaji mjini Kisumu ambao, wakitaka kuisifu kamera ndogo ya dijitali ya bei ya chini, huiita rahisi, na wapo wanunuzi ambao, walisikiapo neno hilo, hudhani wameambiwa hafifu wakaondoka. Dhana hiyo ni dhulma kwa neno na kwa kamera pia. Rahisi tumelipokea kutoka Kiarabu likiwa na maana ya kisicho ghali, kisha Kiswahili kikalipanua hata likawa kinyume cha gumu, ilhali hafifu asili yake ni wepesi wa uzito, ndipo likaja kumaanisha kilichopungukiwa na nguvu au ubora.

Tuitazame Canon PowerShot A480 ya mwaka 2009, yenye megapikseli 10, lenzi ikuzayo mara 3.3 na betri mbili za AA zipatikanazo katika duka lolote la mtaani: hiyo ni rahisi kwa maana zote mbili, kwani hata asiyewahi kushika kamera ataielekeza kwenye mashua za ufukwe wa Dunga, kando ya ziwa mjini Kisumu, wakati wa mchana, abonyeze, apate picha safi. Jua likishatua juu ya ziwa, picha hujaa chembechembe, maana kihisi chake ni kidogo na hakikusanyi nuru ya kutosha. Hapo, na hapo tu, naridhia iitwe hafifu.

Ama nafuu, nduguye manufaa, halipimi bei peke yake: kamera ambayo lenzi yake hukwama baada ya mwezi mmoja yaweza kuwa rahisi, lakini si nafuu.