Safu ya Lugha: Deni

Neno hili lenye asili ya Kiarabu hulijua kila mwenye duka: mdai hudai, mdaiwa hulipa. Tafsiri ya Biblia inayosomwa sana makanisani imelipeleka mbali zaidi. Katika Sala ya Bwana, Mathayo 6, makosa yetu huitwa deni, na waliotukosea huitwa wadeni wetu. Katika sura ya 18, mtumwa aliyesamehewa talanta 10,000 anamkaba koo mwenzake kwa dinari 100. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, kwa hiyo hata deni hilo dogo lilikuwa deni la kweli. Basi kusamehe si kusema hakuna kilichotokea. Deni lilikuwapo, mdai akalifuta. Mume anayesema amesamehe, kisha akalitaja tusi la mwaka juzi katika kila ugomvi, bado anadai.