Uakisi rejeshi: jicho linalomfichua mpasuasanda

Mpasuasanda ni ndege wa usiku mwenye domo fupi na kinywa kipana, na manyoya ya rangi za majani makavu, udongo na magome. Hajengi kiota. Hutaga juu ya ardhi tupu na kuatamia hapohapo, na mtu anaweza kupita karibu naye mchana bila kujua kwamba kuna ndege. Usiku mambo hugeuka. Taa za gari zikimulika barabara ya vumbi, huonekana kinukta chekundu kinachoelekea rangi ya chungwa, na watu husema: macho yanawaka.

Usemi huo ni mzuri masikioni, ila unamwambia msikilizaji jambo lisilo kweli, kwamba jicho lina nuru yake lenyewe. Zima tochi, na jicho linazimika papo hapo. Kwa sababu hiyo sipendi “mng'ao wa macho” kuwa istilahi, ingawa katika mazungumzo hauna ubaya.

Fizikia ya Kiswahili inatupa neno uakisi, lakini peke yake halitoshi. Nuru ikigonga kioo kwa mshazari huondoka upande wa pili kwa pembe ileile. Katika jicho la mpasuasanda nuru hurudi ilikotoka, kama inavyorudi kutoka kwenye rifrekta ya nyuma ya lori: dereva anayeimulika huiona kali, na aliyesimama kando ya barabara haoni kitu. Mwingereza Percy Shaw alipopata hataza ya vijicho vya barabarani mwaka 1934, alitumia tabia hiyohiyo ya nuru. Napendekeza tuiite uakisi rejeshi. “Rejeshi” tunalijua tangu shuleni katika sarufi, kwenye o-rejeshi, na hapa linabeba maana yake yote ya kurudisha.

Kinachorudisha nuru ni tabaka lililo nyuma ya retina, ambalo wanasayansi huliita kwa Kilatini tapetamu lusidamu, yaani zulia angavu. Zulia halirudishi nuru kwa aliyeileta, basi tafsiri ya neno kwa neno haitusaidii. Utando akisi unaeleza kazi. Nuru huingia kupitia lenzi ya jicho na kuangukia retina. Ile isiyonaswa na seli za retina hupenya hadi kwenye utando akisi, ikarudishwa na kupita retina mara ya pili, na hivyo ndege hupata nafasi nyingine ya kuona katika giza. Inayokosa kunaswa hata mara hiyo hutoka nje kwa njia iliyoingilia. Kinukta chekundu unachokiona, kwa hiyo, ni nuru ambayo ndege ameshindwa kuitumia. J. A. C. Nicol na H. J. Arnott waliuchunguza utando huu wa wapasuasanda na kuchapisha matokeo mwaka 1974. Bundi hana utando wa namna hiyo. Yeye hutegemea zaidi ukubwa wa jicho lake.

Anayemtafuta ndege akilielewa hili, atajua aishike wapi tochi. Tochi iliyoshikwa kiunoni itamulika jicho vizuri kabisa, lakini nuru itarudi kiunoni. Ipandishe hadi penye kipaji au shavuni, kandokando ya jicho lako, na uelekee inakoelekea nuru. Utashangaa kwanza kwa wingi wa vimulimuli ardhini: vingi ni macho ya buibui wawindaji, ambao nao wana utando akisi, na vingine ni matone ya umande. Cha ndege ni kikubwa zaidi, na hupotea akigeuza kichwa.

Mpiga picha anahitaji kinyume cha hayo. Flashi iliyo juu ya kamera imekaribiana na lenzi, nayo hulijaza jicho doa jeupe au jekundu lisilo na mboni. Isogeze pembeni, mbali na lenzi, na nuru inayorudi itaifuata flashi badala ya kuingia kamerani. Kwa maoni yangu tochi hafifu inayomulika kutoka ubavuni ni bora kuliko flashi, maana jicho lililozoea giza huumizwa na mwanga mkali. Hata la binadamu huhitaji takriban dakika 30 kulizoea tena.

Mchana uakisi rejeshi hausaidii kitu. Mpasuasanda hufumba macho hadi kubaki ufa mwembamba, akafuta alama pekee ambayo manyoya hayawezi kuificha. Hapo inabaki kutafuta umbo, na hapo pia ndipo wapiga picha wengi wanapofanya dhuluma. Huondoa vijiti na majani yaliyo mbele ya ndege ili picha iwe safi. Utafiti uliofanywa Zambia na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba ndege wanaotaga ardhini, wapasuasanda wakiwemo, huchagua mahali panapolandana na mwonekano wao binafsi, kila mmoja na wake. Majani yale ameyachagua. Ukiyaondoa, umemwonyesha mwewe na nyani mahali mayai yalipo, na jua la adhuhuri litayapata akiruka. Tumia lenzi ndefu, simama mbali, na kijiti kinachokatisha picha kiache kikatishe.