Falsafa iliyozaliwa mahakamani, na sindano za Beni

Septemba 18, 2025 kiropraktiki, kazi ya kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono, ilitimiza miaka 130. Mjini Butembo, mashariki mwa Kongo, hakuna aliyeipigia ngoma. Kijana wa Bulengera akianguka na pikipiki bega likahama, ndugu zake hubishana palepale: hospitali, au kwa mzee anayeunga mifupa? Hata hivyo historia ya Wamarekani walioianzisha kazi hiyo inatuhusu. Swali lililowapeleka mahakamani ndilo lililotuzikisha watoto hapa kwetu: anayetibu bila kuwa daktari, sheria imweke wapi?

Mwanzo wa mambo unajulikana. Mwaka 1895, mjini Davenport, Iowa, Daniel David Palmer alisukuma pingili ya mgongo wa Harvey Lillard, mfagizi mweusi aliyekuwa na uziwi, na Lillard akasema anasikia. (Mshipa wa kusikia uko kichwani, haupiti mgongoni, na madaktari hawajaacha kulikumbusha hilo.) Palmer akajenga imani nzima juu ya siku hiyo: mwili una akili uliyozaliwa nayo, inayopita katika mishipa ya fahamu, na pingili iliyohama huizibia njia. Mwaka 1906 alihukumiwa kwa kutibu bila leseni. Akakataa kulipa faini, akaingia jela.

Kesi ya mwaka uliofuata ndiyo yenye utamu. Huko La Crosse, Wisconsin, Shegataro Morikubo, Mjapani aliyesoma katika shule ya Palmer, alishtakiwa kwa kufanya osteopathi, tiba nyingine ya mikono, bila leseni. Wakili wake, Tom Morris, hakuhangaika kuthibitisha kwamba mteja wake anaponya watu. Alidai kitu kingine kabisa: hii si osteopathi, ni kazi ya pekee, yenye sayansi yake na falsafa yake. Wazee wa baraza wakamwachia huru. William Rehm, aliyeichambua kesi hiyo mwaka 1986, anaiona kuwa njia panda, nami nakubaliana naye. Tangu siku ile falsafa haikuwa tena mawazo ya Palmer tu. Ilikuwa ngao. Ukiiacha unageuka daktari asiye na leseni, na polisi wanajua nyumba yako ilipo.

Yaliyofuata ni marefu, tuyafupishe. Mwaka 1963 chama cha madaktari wa Marekani kiliunda kamati ya kupambana na matapeli wa tiba, kikawazuia wanachama wake kushirikiana na watu wa kiropraktiki. Mwaka 1987 jaji Susan Getzendanner aliamua kwamba chama kilivunja sheria ya ushindani wa biashara. Hakuamua kwamba kiropraktiki inaponya. Leo utafiti unaikubalia nafuu ya kiasi kwa maumivu ya kiuno, lakini akili ile ya Palmer hakuna aliyeipima.

Sasa turudi nyumbani. Dekreti ya Wabelgiji ya Machi 19, 1952 juu ya kazi ya kuponya ilidai diploma, ila iliacha mlango mmoja wazi: mwenyeji aliweza kutibu watu wake kufuatana na mila, mradi asivuruge utulivu wa umma. Morikubo alikingwa na falsafa, mganga wetu akakingwa na mila. Lakini cha mila hakikaguliwi. Miaka ikapita, na pembeni ya majani na mizizi zikaingia kwinini, seramu na sindano. Nyumba za namna hiyo tukaziita tradimoderni. Zilikuwa zimeiacha mila, lakini hospitali hazijaifikia.

Agosti 1, 2018 Ebola ilitangazwa, ikianzia Mangina. Ilipoingia mji wa Beni ilikuta malaria imetanda, na homa ya mtoto haimwambii mama imetoka wapi. Mama alikwenda tradimoderni kwa sababu ziko mtaani, anazijua, wala hapokelewi na mgeni aliyevaa plastiki mpaka machoni. Mwezi wa Novemba Peter Salama wa Shirika la Afya Duniani alisema wanaamini zaidi ya nusu ya wagonjwa wa Beni walitokana na vituo hivyo. Watoto walikuwa wengi mno. Vitanda vilikuwa vya wote, na sindano ilirudiwa. Mwisho wa mwezi ikaanza kampeni ya kugawa dawa za malaria, ikilenga hadi watu 450,000, ili homa zipungue na Ebola ionekane.

Wengi walimlaumu mganga na mizizi yake. Mimi naona hatari ilikuwa katika sindano ya kizungu, mikononi mwa mtu ambaye hakuna aliyemfundisha wala kumkagua.

Ugonjwa ukashuka Katwa na Butembo, vituo vya matibabu vikashambuliwa Februari 2019, na ulipotangazwa kwisha Juni 25, 2020 ulikuwa umeua watu 2,287. Katikati ya msiba, Desemba 13, 2018, Kinshasa ilitia saini sheria namba 18/035 ya afya ya umma, ambayo dawa za kienyeji nazo zimo. Mwaka 2021 Ebola ilirudi mara mbili, Februari upande wa Biena na Butembo, Oktoba huko Beni. Daftari la tradimoderni, lenye jina la mwenye nyumba na la aliyemfundisha kudunga sindano, lilipaswa kuwa mezani pa kila komine tangu hapo, kuanzia Bulengera.