Waliobaki Nyuma ya Mstari wa Mbele

Barabara ya kutoka Mingoyo kwenda Masasi ikifika Nanganga, njia moja inachepuka kuelekea Ruangwa na Nachingwea. Nachingwea ndiko wapiganaji wa FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, walikopata mafunzo kuanzia miaka ya 1960, katika wilaya iliyokwisha kuushuhudia mradi wa karanga wa Waingereza ukianguka.

Bunduki peke yake haikutosha. Aliyevuka mto Ruvuma kwenda vitani aliacha watoto.

Mwaka 1967 wanawake nao waliingia mafunzoni, akiwamo Josina Muthemba, baadaye mke wa kiongozi wa FRELIMO, Samora Machel. Mwaka 1969 alikabidhiwa idara ya masuala ya jamii, akashughulikia vituo vya kulelea watoto waliopoteza wazazi vitani. Alifariki Dar es Salaam Aprili 7, 1971, akiwa na miaka 25, akaacha mtoto mdogo.

Samora alirejea kwao Msumbiji Mei 1975.